Kitambaa cha Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Riyadh nilipewa ndoo, mopu na onyo moja. Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Malqa, jumba la vyumba vingi kuliko watu. Madam, mke wa mwenye nyumba, alinizungusha ghorofa hadi ghorofa, akafika kwenye mlango mmoja wa mbao nzito mwisho wa ukumbi, akaugonga kwa kucha. "Hapa mafi," akasema. Mafi ni "hakuna", lakini kwa sauti ile ilimaanisha ukiingia utanitambua. Nikaitikia sawa madam, nikapita na ndoo yangu. Kazi yangu ya kweli ilikuwa nyuma ya mlango ule, na wakati huo sikujua.

Naitwa Wakesho, Mtaita wa Voi. Nawaandikia ninyi mnaoshika sindano siku hizi, mnaobonyeza kompyuta kisha mnakwenda kunywa chai huku mashine inatarizi yenyewe. Sina ugomvi na mashine. Ila kuna mambo niliyofundishwa kwa mkono, tena ugenini, na nikinyamaza nitaondoka nayo, kwa hiyo mtanivumilia. Kabla ya safari nilikuwa fundi wa sare za shule. Beji za mifukoni, simba, mwenge, kitabu kilichofunguliwa, nilizitarizi miaka na miaka mpaka vidole vikazijua bila macho. Ajenti hakutaka kusikia habari hizo. Aliandika "kazi za nyumbani", akamwita anayefuata.

Sikwenda peke yangu. Wimbi lile la kazi za Uarabuni la miaka ya elfu mbili na kumi lilipopita kwetu, karibu kila nyumba ilitoa mtu. Nyumba ya dada yangu Mghoi ilimtoa Mkawasi, bintiye wa kwanza, msichana wa kucheka na watu, mwenye nguvu za kubeba gunia, lakini mikono mizito. Huyo ungempa jembe, si sindano. Siku ya kuondoka dada alinishika kiganja mbele ya watu wote.

"Wakesho," akasema, "mtoto huyu simpi ajenti. Nakupa wewe. Ni amana. Nitamdai mikononi mwako."

Nami, kwa mdomo wangu huu mwepesi, nikamjibu, "Dada, nitakurudishia kama ulivyonipa."

Tulipotua, karatasi zetu zilitutenganisha pale pale uwanja wa ndege. Mimi nilibaki Riyadh. Mkawasi alipelekwa Jeddah, nyumba moja ya mtaa wa Al-Nuzha, mbali nami karibu kama Voi na Kampala. Nikabaki najiuliza: amana nitaitunza vipi mimi nisiye na ruhusa ya kufika hata getini? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo kwa muda wote niliokaa kule.

Asubuhi moja nikapita ule ukumbi na ndoo, nikakuta mlango uliokatazwa u wazi na mtu anafoka ndani. Alikuwa Baba Mzee. Ndivyo tulivyomwita baba mkwe wa madam, rubani mstaafu wa ndege za vita, mzee mrefu ambaye injini zilikuwa zimemharibu masikio, kwa hiyo alimpigia kila mtu kelele hata akiomba maji. Ukuta mzima ulikuwa makabati ya vioo, na ndani yake yamening'inia majaketi ya ngozi, ya kahawia na meusi, mengine kola ya manyoya ya kondoo. Moja lilikuwa limelazwa mezani. Kifuani lilikuwa na nembo ya sufi iliyoliwa na nondo mpaka ndege aliyetariziwa pale hakuwa na kichwa. Baba Mzee ameshika chupa ya gundi.

Ala! Nilimsahau madam na mafi yake. "Baba, la! Si gundi!"

Akageuka. "Wewe nani?"

"Wakesho. Baba, hiyo inataka sindano."

"Unajua sindano?"

"Ndiyo kazi yangu. Hii ya ndoo ni ya karatasi tu."

Akalisukuma sanduku la vifaa mbele yangu. Nikachagua sindano ya ngozi, ile yenye ncha ya pembe tatu inayokata njia kama kisu, nikajiona fundi wa mafundi. Kabla sijaichoma, akanipiga kofi mkononi. "Halas! Basi!" akanguruma. "Nyama ukiichoma inapona. Ngozi hii haiponi. Tundu utakalotoboa leo litabaki siku zote."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mlishike. Jaketi la zamani hulitoboi. Unatafuta matundu ya fundi wa kwanza, moja moja, kwa sindano butu, na unapita humo humo alimopita yeye. Uzi uwe wa pamba au hariri, usiwe wa nailoni, maana nailoni haikatiki, na kitu kisichokatika kikivutwa kinakata ngozi. Nembo ikiwa imeliwa, hushoni juu yake. Unaweka kipande cha kitambaa kwa chini, cha rangi ile ile, unashikiza nyuzi zilizobaki juu yake, na penye pengo unaacha pengo lionekane. Nilimwambia naweza kumtengenezea ndege kichwa kipya, kizuri kuliko cha kwanza. Akakataa kwa kelele. "Kichwa alikuwa nacho, kikaliwa. Mimi sitaki uongo kabatini."

Basi kuanzia siku ile nilifagia asubuhi, na alasiri nikakaa kwenye kiti kile. Madam alinuna siku kadhaa kisha akazoea, maana hakuna aliyeweza kushindana na sauti ya mkwewe. Tulizungumza kwa Kiingereza chake cha ndege na Kiarabu changu cha jikoni, na tulielewana.

Majaketi yale yalikuwa ya marubani wa kujitolea wa vita vikuu vya pili, vijana waliovuka bahari kwenda kupigania nchi za watu, wengine kabla nchi zao wenyewe hazijaingia vitani. Baba Mzee aliyanunua moja moja tangu alipokuwa mwanafunzi wa urubani ng'ambo. Alinifundisha kuyasoma kama mtu anavyosoma sare ya shule. Kifuani kushoto, utepe wa ngozi wenye jina na mbawa zilizopigwa muhuri. Chini yake nembo ya kikosi, ambayo mara nyingi waliibuni wenyewe wakiwa wamekaa wakisubiri kuruka, ndiyo maana utaona paka mwenye glavu za ndondi au tai aliyekonda kama mwenye deni. Waliokuwa na fundi karibu, zilitariziwa. Waliokuwa porini walizichora kwa rangi juu ya ngozi, na hizo hupasuka zikikunjwa, kwa hiyo jaketi lake hulikunji, unalilaza.

Siku moja nilimuuliza swali lililokuwa likinikera. "Baba, hawa unaowaita wa kujitolea, nani aliwalazimisha?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya kujitolea."

"Hata sisi pale kwa ajenti tulitia sahihi tumejitolea. Iliyojitolea ni njaa."

Nilidhani atafoka. Akaangalia makabati. "Na wengi wao pia," akasema kwa sauti ya chini, mara ya kwanza kumsikia akiongea chini.

Jaketi alilolipenda kuliko yote halikuwa na nembo ya maana kifuani. Utajiri wake ulikuwa mgongoni. Hapo palishonwa kipande cha hariri, juu bendera, na chini yake mistari ya maandishi ya lugha mbalimbali. Rubani akianguka kwa watu asiojua lugha yao, hana cha kusema. Anageuka tu, mgongo unasema. Rubani wa jaketi lile alikuwa ameruka kutoka Bara Arabu hadi huku kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo mstari mmoja ulikuwa wa Kiarabu, na wa chini yake, haki ya Mungu, ulikuwa wa Kiswahili. Nilipousoma nilicheka mpaka nikaketi. "Bwana huyu hapana adui. Yeye amana. Rudisha yeye kwa serikali, wewe pata zawadi mzuri sana." Kiswahili cha mzungu wa shamba! Nilipomweleza kinachonichekesha, naye akanionyesha mstari wake, akasema Kiarabu kile kiliandikwa na mtu aliyetoroka shule. Tukacheka wote wawili, kila mtu akiichekea lugha yake.

Kisha akaweka kidole juu ya neno moja. "Hapa tu ndipo hawakukosea. Amana."

"Hata kwetu ni amana," nikamwambia. "Hilo hilo."

Masikioni nikamsikia dada yangu, siku ile ya kuondoka.

Hariri ile ilikuwa imechoka na herufi za Kiarabu zilikuwa zinamomonyoka. Baba Mzee hakuniruhusu kuzigusa mpaka nijue ninachoshona. Akawa ananituma na dereva wa nyumba, Otieno, kijana wa Ahero, hadi mtaa wa Al-Suwaidi kwa mama mmoja wa Kiyemeni aliyetarizi beji za vyeo nyumbani kwake kwa ajili ya duka la mumewe. Kila mtu alimwita Muallima, yaani fundi mkuu, nami nilimwita hivyo hivyo kwa kuwa kwa masikio yangu lilikuwa ni "mwalimu", na mwalimu alikuwa kweli. Alikuwa mkali! Alinivalisha subana, ile kofia ya chuma ya kidole, akanipa neno moja tu la kushona tena na tena: amana.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana yote yaliyofuata yametoka hapa. Neno hilo kwa Kiarabu linakwenda kutoka kulia. Kwanza fimbo imesimama peke yake. Halafu kiduara kilichoshikana na fimbo ya pili. Halafu nafasi. Halafu jino dogo lenye nukta juu, limeshikana na duara la mwisho lenye nukta mbili. Mimi fundi wa beji za shule nilifundishwa kwamba nafasi ni mahali pa nguo kuanza kufumuka, kwa hiyo uzi unaupitisha bila kuukata. Muallima aliuona uzi wangu ukivuka pale katikati, akanipokonya fremu.

"Unafanya nini?"

"Naimarisha, Muallima."

"Hapa pawe wazi! Ukiifupisha fimbo hii ukaiunganisha na jino, neno limekufa. Umeandika Amina. Amina ni mama yangu, Mungu amrehemu. Huyu mwanajeshi alikuwa mama yangu?"

Binti zake walicheka na mimi nikafumua. Nilifumua mara nyingi kabla hajatikisa kichwa kukubali.

Wakati huo Mkawasi alikuwa bado anapatikana kwenye simu, Ijumaa tu, dakika chache. Mwanzoni alikuwa na maneno mengi. Kisha yakapungua. "Mama mdogo, ikama yangu sijaiona," alisema mara moja. Ikama ni kile kibali cha kukaa, na asiye nacho mkononi ni kama hana jina. Mara nyingine alisema, "Nikichelewa kuamka nafungiwa chakula." Nilikuwa namwambia vumilia. Ndipo wazo likanijia nikiwa juu ya jaketi lile. Kama kitambaa kilimfaa mzungu wa watu, kwa nini kisimfae mtoto wetu?

Nilikata kipande cha bitana nyeusi, nikatarizi kwa uzi mweupe kwa Kiarabu: "Hii ni amana. Mrudisheni." Muallima mwenyewe alikisoma, akakibusu, akanirudishia. Chini yake palihitajika namba ya simu. Nilimwomba Baba Mzee ruhusa, akasema, "Weka yangu. Yako madam ataichukua siku akikasirika." Otieno alikuwa akimpeleka madam Jeddah kwa dada yake, akafanya ujanja wake wa madereva, akamkabidhi Mkawasi kitambaa alipotoka kutupa taka.

Ijumaa iliyofuata alicheka kama zamani. "Nimekishona ndani ya abaya, mama mdogo. Kinanikwaruza mgongo!"

"Acha kikukwaruze, ndiyo kazi yake."

Tulizungumza tena mara chache. Mara ya mwisho alisema kitambaa kilifumuka kidogo kwenye kufua, uzi mmoja ukatoka, lakini amekishona mwenyewe. Nikamuuliza amekishonaje. "Nimepashikiza pale palipoachana, nikakaza na mafundo." Nilidhani anasema pindo. Nikamsifu. Kisha laini ikakatika, na Ijumaa iliyofuata simu haikulia, wala iliyofuata hiyo.

Baba Mzee alimpigia ajenti mbele yangu. Ajenti akasema msichana amekimbia, kafili wake, yaani bosi anayemdhamini, ameshatoa taarifa. Otieno alipopita tena Al-Nuzha, mlinzi wa nyumba akamwambia hapa hayupo mtu huyo. Jamani, kukimbia! Akimbilie wapi, na mimi ndiye ndugu pekee aliyenaye nchi nzima? Dada alipopiga simu kutoka Voi nilimwambia mtandao wa Jeddah una shida. Akasema, "Wakesho, mimi nimemuulizia mtoto, sikuulizia mtandao."

Siku hizo hizo Baba Mzee alianza kusumbuliwa na simu. Tulikuwa tunamsikia nyumba nzima akiunguruma, "La! Mafi Amina! Hapa hakuna Amina!" na kuikata. Baada ya siku mbili inalia tena. "Mafi Amina!" Otieno alimwigiza vizuri sana jikoni, na mimi, pamoja na majonzi yangu, nilicheka.

Alasiri moja nilikuwa kwenye kiti changu, naimalizia hariri ya lile jaketi. Nilishikiza fimbo ya kwanza. Nikashikiza kiduara na fimbo ya pili. Nikafika kwenye nafasi, nikakata uzi kama nilivyofundishwa. Simu ikalia nyuma yangu. "Mafi Amina!" akafoka Baba Mzee.

Sindano ilinitoka mkononi. Pale palipoachana. Mtoto aliona nafasi katikati ya neno akadhani ni mahali palipofumuka. Aliishona nafasi!

"Baba, usikate!" Nilipiga kelele kuliko yeye. "Usikate! Ni Mkawasi!"

Alikuwa ameshakata. Lakini namba ilibaki, na akapiga. Aliyepokea ni muuguzi wa hospitali moja ya Jeddah. Alisema wana mwanamke Mwafrika aliyeokotwa na muuza duka kwenye kichochoro cha Al-Nuzha, ameanguka kutoka juu, mguu umevunjika vibaya na kichwa kimeumia. Karatasi hana, hasemi kitu. Ndani ya abaya yake kuna kitambaa kimeandikwa "Hii ni Amina. Mrudisheni." Ndiyo maana wanamwita Amina, na haitiki.

Baba Mzee aliweka simu, akakaa kwenye kiti changu mimi. "Nimewafukuza," akasema. "Mara zote hizo, nimewafukuza." Nilimwambia si kosa lake. Lakini alibaki analitazama lile jaketi. Kisha akasimama, "Yalla, twende," na kesho yake tukapanda ndege, mimi, yeye na mkewe mzee aliyekuja ili safari yangu iwe ya heshima.

Kitandani pale sikumjua. Nywele zimenyolewa, uso umevimba, na mguuni mwa kitanda kadi ya jina: Amina. Muuguzi alimgusa bega, "Amina, Amina, una wageni." Macho yakabaki kwenye dari. Nikainama nikamwita kwa Kitaita, jina la bibi yake alilorithi, nikamwambia ni mimi, mama mdogo, nimekuja. Machozi yakamtoka pembeni ya jicho kabla ya jicho kugeuka. Mwisho akanong'ona, "Mama mdogo, kitambaa hakijapotea."

Nilikiomba nikakiona. Fimbo ya pili ilikuwa imeng'oka juu, imebaki kisiki. Kutoka kwenye kisiki kamba nene ya uzi mweusi uliopauka mpaka ukawa kijivu imevuka ile nafasi hadi kwenye jino. Na chini yake, kwa mikono yake ile mizito, alikuwa amekaza mafundo mawili makubwa. Muuguzi alinionyesha: mafundo mawili chini yamekuwa zile nukta mbili ambazo Amina huwa nazo chini na amana haina, Amina safi kabisa. Hata Muallima angelisoma hivyo.

Ilibaki kafili. Bila sahihi yake Mkawasi hakuweza kutoka nchini. Baba Mzee alikwenda kwake na mimi nikiwa nyuma, akakaribishwa sebuleni kwa kahawa, akaiacha kahawa ipoe. Kafili alikuwa mtu mpole wa sura, akasema msichana alitoroka kupitia paa la kuanikia nguo, na kwamba hilo si jukumu lake. Baba Mzee akatandaza kitambaa juu ya zulia.

"Soma."

"Hii ni Amina."

"Soma tena. Toa uzi mweusi, soma."

Yule mtu aliinama, akafunika mafundo kwa kidole, akatazama kwa muda. Uso ulimbadilika. "Amana," akasema.

"Ulipewa wewe," akasema Baba Mzee, bila kelele hata kidogo. "Mimi nimekuja kuichukua kwa niaba ya wenyewe." Kwa nini alifungiwa, alipandaje paani, hayo yote hayakusemwa sebuleni pale. Mkawasi mwenyewe ameyasema mara moja tu, kwangu, na sitayaandika. Sahihi ilipatikana.

Nilirudi naye Voi miezi kadhaa baadaye, anatembea kwa gongo, mguu mmoja mfupi. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alimkumbatia mwanawe muda mrefu, akamgeuza, akamtazama mgongo, mabega, akashuka mpaka mguuni. Nami nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu Riyadh. "Dada, amana yako nimeirudisha."

Hakupandisha sauti. "Wakesho, sikukupa hivi."

Akamshika Mkawasi mkono wakaingia ndani, na mimi nikabaki uani na mabegi. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Lakini kweli hakunipa hivyo.

Nilirudi Riyadh kumaliza mkataba. Baba Mzee alifariki kabla sijamaliza, na watoto wake wakayagawana majaketi. Lile la mgongo wenye maneno sijui liko wapi. Nilifunga safari, nikarudi kwenye sare na beji, na sasa macho hayaoni tundu la sindano, hivyo nimestaafu. Mkawasi ndiye mwenye duka la ushonaji. Mikono bado mizito, kwa hiyo anapima na kukata, wengine wanashona. Kitambaa chake kiko vile vile, na uzi mweusi umebaki. Niliwahi kumwambia nikitengeneze, akasema, "Acha, mama mdogo. Ni jina langu la pili."

Wasichana wanaosafiri huja kuniomba kitambaa. Nawashonea pole pole, Mkawasi akinitilia uzi sindanoni, na kila mmoja namfundisha kuhusu ile nafasi, kwamba haikufumuka, imeachwa. Dada yangu hakuwahi kukanyaga dukani kwa kazi hiyo. Tulikutana kanisani na misibani, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua.

Juzi alikuja. Alikuwa na msichana wa jirani, mdogo, begi jipya begani, anatazama simu. Dada hakukaa. Alitoa kwenye mkoba kipande cha bitana nyeusi alichokikata mwenyewe, kimepinda, akakiweka mapajani mwangu.

"Nimemkataza huyu, hasikii," akasema. "Mshonee."

Nikasema sawa dada. Nikatafuta miwani. Alifika mlangoni, akasimama akinipa mgongo.

"Wakesho," akasema. "Na pale katikati, acha wazi."